AT... OK! Mashine zilivyojifunza kutuma meseji, kutoka Atlanta mpaka Bunda

Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo, tupige soga juu ya kidude ambacho mafundi wetu wanakijua kwa mikono, lakini historia yake haisimuliwi sana. Nazungumzia moduli ya modemu ya simu. Ni kibao kidogo, kingine hakizidi ukubwa wa stempu mbili, chenye sehemu ya kuchomeka laini na sehemu ya antena. Ukikiunganisha kwa waya chache na bodi ya maikrokontrola kama Arduino, mashine inaanza kutuma meseji yenyewe bila mtu kubonyeza chochote.

Kwa wale wasiofahamu, maikrokontrola ni kompyuta ndogo kabisa iliyomo ndani ya chipu moja. Mara nyingi haina kioo wala kibodi. Inasoma kitu fulani (joto, mwendo, kiasi cha maji), inafanya uamuzi, basi. Iko ndani ya mita yako ya LUKU, ndani ya mashine ya kufulia, ndani ya rimoti ya televisheni. Peke yake ni bubu. Modemu ndiyo inayoipa mdomo.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili tusipotezane njiani: historia ya vidude hivi inaonyesha kwamba kuifanya mashine iseme si kazi ngumu tena. Kazi ngumu ni kuhakikisha kwamba kilichosemwa kimefika, na kwamba upande wa pili kuna mtu atakayeitika. Kwetu Mara, ambako tembo anaweza kumaliza shamba la mtu kwa usiku mmoja, hilo si suala la darasani.

KOMPYUTA ILIPOPIGWA MARUFUKU

Tuanzie nyumbani. Watu wengi wa rika langu hawajui kwamba nchi hii iliwahi kupiga marufuku kompyuta. Ndiyo, kompyuta! Ilikuwa mwaka 1974, Serikali ikiongozwa na mzaliwa wa Butiama, Mwalimu Julius Nyerere. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha katikati ya miaka ya 1960, na baadaye hesabu za Serikali zikaanza kuhamishiwa huko. Mambo hayakwenda vizuri. Gharama zilikuwa kubwa, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na wataalamu wa kuiendesha mitambo ile walitoka nje. Ndipo uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake ukazuiwa, na aliyetaka kuingiza alihitaji kibali maalumu. Masharti yale yalilegezwa taratibu, na ni katika miaka ya 1990 ndipo mlango ulipofunguka kweli.

Siku hizi ni rahisi kulicheka lile katazo. Wapo wanaosema lilituchelewesha miaka 20, na sina ugomvi nao. Lakini ukiacha kucheka, utaona kwamba nyuma ya katazo kulikuwa na swali zuri: mashine hii ikiharibika, nani kati yetu ataitengeneza? Ikitoa majibu yasiyo sahihi, nani kati yetu atajua? Dawa iliyotolewa mwaka 1974 unaweza kuibishia, lakini ugonjwa ulikuwepo. Naomba mlikumbuke swali hilo, maana tutarudi nalo Butiama mwishoni.

HERUFI MBILI KUTOKA ATLANTA

Wakati sisi tumefunga mlango, wenzetu wa Marekani walikuwa wanahangaika na tatizo jingine: kompyuta moja itazungumzaje na nyingine kwa waya wa simu ya kawaida? Modemu zilikuwepo tangu zamani, lakini nyingi zilimtaka mtu anyanyue mkono wa simu, apige namba yeye mwenyewe, asikie mlio, kisha aulaze mkono ule juu ya kifaa chenye vikombe viwili vya mpira. Kompyuta ilisubiri binadamu aifungulie njia.

Mwaka 1981 kampuni ya Dennis Hayes na Dale Heatherington, katika eneo la Atlanta, jimbo la Georgia, ilitoa modemu iliyoitwa Smartmodem. Kasi yake ilikuwa biti 300 kwa sekunde, yaani takriban herufi 30. Meseji moja ya siku hizi yenye herufi 160 ingechukua sekunde tano na ushee kupita. Lakini kasi siyo iliyoifanya iwe maarufu. Ujanja wake ulikuwa kwamba waya uleule uliopitisha data ndio uliopitisha pia amri. Kompyuta iliweza kuiambia modemu "piga namba hii", "kata simu", "pokea".

Sasa modemu itajuaje kwamba hii ni amri na si data? Hayes akaweka herufi mbili mwanzoni mwa kila amri: AT, kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya "sikiliza!" au "makini!". Ni kama mwalimu wa zamu anavyopiga kengele kabla ya tangazo. ATD ilikuwa kupiga, ATA kupokea, ATH kukata. Modemu ikielewa inajibu OK. Isipoelewa inajibu ERROR. Basi.

Washindani wa Hayes waliiga lugha ile, mpaka ikawa lugha ya modemu zote duniani. Kampuni yenyewe ilikuja kufa katika miaka ya 1990, lakini herufi zake mbili hazikufa. Kijana wa Musoma anayejaribu moduli leo anaandika AT ileile ya mwaka 1981!

MODEMU INAINGIA KWENYE SIMU YA MKONONI

Tarehe 1 Julai 1991 simu ya kwanza ya mtandao wa GSM ilipigwa nchini Ufini na aliyekuwa waziri mkuu wa nchi hiyo, Harri Holkeri. Tarehe 3 Desemba 1992 meseji ya kwanza ilitumwa Uingereza. Ilikuwa salamu ya Krismasi, na ilitumwa kutoka kwenye kompyuta. Watunga viwango vya GSM hawakubuni lugha mpya ya kuiamrisha simu. Walichukua AT ya Hayes wakaiongezea amri za mambo ambayo simu ya waya haikuwa nayo: kuuliza nguvu ya mtandao, kuuliza kama laini ipo, kutuma na kusoma meseji. Amri hizo mpya nyingi zina alama ya kujumlisha, kama AT+CSQ au AT+CMGS.

Nasi Tanzania hatukuwa mbali sana safari hii. Mobitel ilianza huduma mwaka 1994, mwaka uleule ambao TTCL ilianza kazi baada ya lile shirika la posta na simu kugawanywa. Vodacom ikaingia mwaka 2000, Celtel mwaka 2001. Minara ikafuata barabara, ikafuata miji, na hatimaye vijiji. Wengi tuliiona minara ile kama ya watu kupigiana simu. Wachache walitambua kwamba mashine nazo zinaweza kuitumia.

Kampuni ya Siemens ya Ujerumani ilikuwa imeshatambua. Mwaka 1995 ilitoa moduli iliyoitwa M1, ambayo ilikuwa simu isiyo na kioo, vitufe wala spika, ya kufungwa ndani ya mashine nyingine. Baadaye Wachina waliishusha bei. Kampuni ya SIMCom ya Shanghai ilitoa moduli kama SIM900 na SIM800, ambazo ndizo zilizosambaa mpaka kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki ya Kariakoo na Nairobi.

Upande wa bodi nako kulikuwa na mapinduzi. Mwaka 2005, katika mji wa Ivrea, Italia, walimu na wanafunzi wa chuo cha ubunifu walitengeneza bodi rahisi ya maikrokontrola kwa ajili ya watu wasio wahandisi. Waliiita Arduino, jina la baa waliyozoea kukutana, na baa yenyewe ilikuwa na jina la mfalme wa zamani wa eneo hilo. Michoro ya bodi waliitoa bure, kila mtu aweze kunakili. Mwaka huohuo Mwingereza Ken Banks alitoa programu ya FrontlineSMS, iliyowezesha kompyuta ndogo na simu ya kawaida yenye kebo kutuma meseji kwa kundi la watu bila intaneti. Wazo lake lilizaliwa kwenye kazi za uhifadhi kuzunguka Hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini. Chini ya programu ile, kompyuta na simu zilizungumza kwa lugha gani? AT, bwana!

TEMBO ALIYETUMA MESEJI

Hapa ndipo hadithi inapotukaribia. Jirani zetu wa Laikipia, Kenya, walikuwa na tembo dume aliyeitwa Kimani, katika hifadhi ya Ol Pejeta. Kimani alikuwa mwizi wa mazao. Tembo wengine wa eneo lile waliokuwa na tabia hiyo walikwishapigwa risasi na askari wa wanyamapori. Badala ya kumuua naye, shirika la Save the Elephants lilimvisha kola yenye kipokezi cha GPS na modemu ya GSM iliyotiwa laini ya simu. Kwenye kompyuta ukachorwa mpaka usioonekana, sawasawa na mpaka wa hifadhi. Kimani akiuvuka, meseji inakwenda kwa askari wa hifadhi. Habari hii ilitangazwa duniani kote mwaka 2008.

Watu walifurahia kichwa cha habari: tembo anatuma meseji! Lakini angalieni kilichomzuia Kimani hasa. Meseji haikumrudisha tembo. Walioirudisha hatua yake ni askari walioamka usiku, wakawasha gari, wakaenda na taa na kelele kumfukuza. Wangekuwa wamelala, ile kola ingekuwa mkufu wa gharama kubwa tu. Na betri ya kola ikiisha, tembo lazima apigwe sindano ya usingizi ili abadilishiwe, jambo ambalo si la mchezo wala la bei rahisi.

Wilaya ya Bunda imepakana na Serengeti na Pori la Akiba Grumeti, lililotangazwa mwaka 1994. Waulize wakulima wa Kunzugu au Hunyari habari za tembo, utakaa mpaka jua lizame. Mtu analala shambani na debe na tochi. Kanuni za mwaka 2011 zimeweka kifuta jasho kwa mazao yaliyoliwa na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa, lakini majina yenyewe yanakuambia kwamba si fidia kamili. Mkulima angefurahi zaidi kama taarifa ingefika kabla tembo hajafika.

Grumeti yenyewe imekwishaonja teknolojia hii. Shirika la RESOLVE la Marekani lilijaribu huko kamera ndogo za kufichwa njiani, zinazopiga picha na kuzituma mara moja kwa askari badala ya kusubiri mtu aje kuchukua kadi. Mwanzoni mwa mwaka 2019, lilipotangazwa toleo jipya lenye chipu ya Intel, ilielezwa kwamba majaribio ya Grumeti yalisaidia kukamatwa kwa majangili 30. Chipu ile ilihitajika kwa sababu moja ya kiutendaji: kamera za awali ziliamshwa na kila jani lililotikisika na kila swala aliyepita, betri ikaisha na askari wakachoshwa na picha zisizo na maana. Askari akichoka, hata picha ya jangili itapita bila kuangaliwa. Kwa hiyo toleo jipya likafundishwa kuchambua picha kabla ya kutuma, likiwatafuta binadamu.

Mnaona mfululizo wake? Kila mara tatizo linahama kutoka kwenye mashine kwenda kwa anayepokea.

TUIJARIBU SASA

Hebu tuchukue moduli ya SIM800L na bodi ya Arduino Uno, tuone inavyojaribiwa. Nimechagua hizi kwa sababu zimeenea na zinaonyesha wazi mambo yanayosumbua.

Kwanza waya. TX ya moduli inaingia RX ya bodi, na TX ya bodi inaingia RX ya moduli. Anayesema upande huu ndiye anayesikilizwa upande ule. Hasi za pande zote mbili lazima ziungane, la sivyo zitakuwa kama watu wawili wanaopimana urefu huku kila mmoja amesimama kwenye ngazi yake. Arduino Uno inasema kwa volti 5, moduli inasikia kwa volti 2.8 hivi, kwa hiyo kwenye waya unaoingia moduli tunaweka resista mbili za kugawa volti.

Pili umeme, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Moduli inataka volti kati ya 3.4 na 4.4, ndiyo maana betri ya simu ya volti 3.7 inaifaa. Lakini simu ya GSM haitangazi mfululizo. Inasema kwa mipigo mifupi, kama nusu milisekunde, mara zaidi ya 200 kwa sekunde, na katika mpigo mmoja inaweza kuvuta ampea 2. Mlango wa USB wa kompyuta ya kawaida unatoa nusu ampea tu. Volti inaanguka, moduli inazima, inawaka, inatafuta mtandao, inazima tena. Kapasita kubwa ya mikrofaradi 1000 karibu na moduli, pamoja na chanzo kizuri cha umeme, vinasaidia.

Na hapa kuna siri ambayo inafaa kuandikwa kwa wino mzito. Mnara ukiwa karibu, mtandao unaiamuru simu ipunguze sauti, nayo inavuta umeme kidogo. Mnara ukiwa mbali, inaamriwa ipaze sauti mpaka mwisho, wati 2 kwa masafa ya 900. Maana yake ni kwamba kifaa kilichofaulu majaribio yote mezani Musoma mjini, mita chache kutoka mnarani, kinaweza kufa siku ya kwanza kijijini pembezoni mwa Grumeti. Hakikuharibika njiani. Hakikuwahi kujaribiwa mahali kitakapofanyia kazi.

Tatu amri zenyewe. Tunafungua dirisha la kuandikia na kuanza mazungumzo:

AT, ikijibu OK, maana yake waya ziko sawa na moduli iko hai. Hakuna zaidi ya hapo.

AT+CPIN? inauliza laini. Ikijibu READY laini imeonekana na haina namba ya siri iliyoifunga. Lakini kuonekana si kusajiliwa. Tangu Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa nchini, kwa hiyo laini ya kifaa nayo lazima iwe na mwenyewe anayejulikana.

AT+CSQ inauliza nguvu ya mtandao, kutoka 0 mpaka 31. Ukiona 99, moduli haijui.

AT+CREG? inauliza kama mnara umetupokea. Jibu la 0,1 ni kwamba tuko kwenye mtandao wetu. 0,2 ni kwamba bado anatafuta. 0,3 tumekataliwa. 0,5 ni kwamba tumepokelewa na mtandao wa wageni, jambo linaloweza kumtokea mtu wa Sirari pale mpakani laini yake ikidaka mnara wa Kenya.

Kwa wenzetu wa ziwani kuna mtego mwingine. Mnara wa kawaida wa GSM hauwezi kuhudumia simu iliyo zaidi ya kilomita 35, hata kama mawimbi yanafika vizuri juu ya maji matupu, kwa sababu muda wa mawimbi kusafiri unavuruga zamu za mipigo ile niliyoitaja. Kwa hiyo mvuvi wa Musoma anaweza kuona vijiti vya mtandao kwenye kioo na simu isitoke. CSQ nzuri peke yake haitoshi.

Mwisho tunaandika AT+CMGF=1 ili tutumie maandishi ya kawaida, kisha AT+CMGS na namba ya mpokeaji. Moduli inatoa alama ya >, tunaandika ujumbe, tunaufunga kwa herufi ya 26 (kwenye kompyuta ni Ctrl na Z). Baada ya sekunde chache linakuja jibu: +CMGS na namba, halafu OK.

Shangwe! Imetumwa!

Taratibu, wadau. OK ile haina maana kwamba mtu amepata meseji. Maana yake ni kwamba kituo cha meseji cha kampuni ya simu kimeipokea. SMS tangu ilipobuniwa ni mfumo wa kuhifadhi na kupeleka, kama posta. Simu ya askari ikiwa imezimwa chaji, meseji inakaa kituoni ikimsubiri. Kama unataka kujua imefika kwenye simu yake, lazima uombe taarifa ya kufikishwa, ambayo ni mpangilio mwingine na watu wengi hawauwashi. Na hata ikifika, hakuna amri ya AT inayouliza kama imesomwa na mtu aliyeamka.

KYUSO WALIFANYAJE?

Kuna mahali Afrika Mashariki walipoulizana swali hili kwa makini. Ni Kyuso, Kitui, nchini Kenya, eneo kame ambalo pampu ya mkono ikiharibika akina mama wanatembea mbali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitengeneza kifaa cha kufungwa ndani ya mkono wa pampu, chenye kipima mwendo, maikrokontrola na modemu ya GSM. Kila mkono unapopanda na kushuka kifaa kinahesabu, kisha kinatuma idadi kwa SMS. Pampu ikinyamaza, ofisini wanaona. Mwaka 2012 walichapisha matokeo ya awali, na jaribio kubwa zaidi likafanyika Kyuso mwaka 2013.

Lakini hawakuishia kwenye kifaa. Waliunda timu ya mafundi wenye pikipiki na vipuri, ambao kazi yao ilikuwa kwenda pale ujumbe unapoonyesha tatizo. Muda wa pampu kukaa mbovu ulishuka kutoka wiki kadhaa mpaka chini ya siku tatu. Baadaye huduma ile ikawa kampuni iliyopewa jina la FundiFix, na mimi naona jina lile limesema kweli: fundi ndiye aliyetangulia.

2G IKIZIMWA JE?

Sasa tuangalie mbele. SIM800 na SIM900 zinategemea mtandao wa 2G. Wenzetu wameanza kuuzima. Telstra ya Australia iliuzima Desemba 2016, AT&T ya Marekani ikafuata kuanzia Januari 2017, na Singapore mwaka huohuo. Pale San Francisco, siku chache baada ya AT&T kuzima, mfumo wa kuwaambia abiria basi lao liko wapi ulivurugika, kwa sababu modemu nyingi ndani ya mabasi zilikuwa bado za 2G. Mji wenye wataalamu wengi wa teknolojia kuliko karibu mji wowote duniani! Mabasi yalitembea kama kawaida, ila hakuna aliyejua yako wapi.

Kama wao waliweza kusahau, sisi je? Kila kola, pampu, kamera na kituo cha hali ya hewa kinachofungwa leo vijijini kinapaswa kuwa na mtu anayejua ndani yake kuna modemu ya aina gani, na nani ataibadilisha. Habari njema ni kwamba moduli za 4G, kama A7670 ya hiyohiyo SIMCom, bado zinaitika AT. Waya ni zilezile kwa asili, maswali ni yaleyale. Kijana aliyejifunzia kwenye SIM800 ya bei poa hajapoteza muda wake.

TURUDI BUTIAMA

Swali la mwaka 1974 lilikuwa: nani kati yetu ataielewa mashine? Wakati ule jibu lilikuwa "wachache mno", mlango ukafungwa. Leo mlango uko wazi kabisa, na vifaa vinaingia kwa maboksi. Mara kuna Shule ya Sekondari ya Ufundi Musoma. Kuna VETA. Butiama kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia kinachobeba jina la Mwalimu mwenyewe. Sioni sababu kwa nini king'amuzi cha tembo cha Bunda kisifungwe, kijaribiwe na kutengenezwa na vijana wa Bunda.

Ila naomba mtihani wao usiishie kwenye OK ya dirishani. Wakipeleke kifaa kijijini, pembezoni kabisa, saa nane za usiku, betri ikiwa nusu. Wavuke ule mpaka wao wenyewe kwa miguu badala ya tembo. Kisha wahesabu dakika mpaka gari la askari litokee, au mpaka jirani aamke na debe lake. Wafanye hivyo tena baada ya miezi sita, laini ikiwa pengine imeisha salio na askari wa zamu ile amehamishwa. Hizo dakika ndizo za kuandika kwenye ripoti, na kama gari halikutokea, waandike hivyo hivyo.

Walioko kwenye fani, na hasa mliowahi kufunga vifaa hivi kanda ya ziwa, karibuni mtuelimishe zaidi.

Nawasilisha. Tuko pamoja.